Sensa ya oksijeni iliyolazwa kwenye petroli: kisa cha IST moja ya Makorora, Tanga

Gari ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini 1NZ-FE ya lita 1.5, mali ya mwalimu wa shule ya msingi anayeishi Makorora. Lilinifikia na malalamiko matatu: taa ya injini imewaka kwenye dashibodi na haizimiki, mafuta yanakwisha upesi, na mdomo wa ekzosi umejaa masizi. Lilikuwa limeshatibiwa mara mbili kabla ya hapo. Sensa yake ya oksijeni, kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi, ilioshwa, kisha ikabadilishwa, na baada ya kubadilishwa gari likawa bovu kuliko lilivyoanza. Mimi ni fundi umeme wa magari, na naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu njia iliyolifikisha gari pale ndiyo inayofuatwa kwenye nyua na gereji nyingi za mji wetu, na kila hatua yake inalipiwa na mwenye gari.

Kabla sijafungua boneti nilimwomba Mwalimu anisimulie tangu mwanzo bila kuruka kitu. Mafundi wengi huona maongezi haya yanachelewesha kazi. Kwangu ni nusu ya kazi. Alisema taa iliwaka asubuhi moja akielekea kazini, gari likienda vizuri tu. Wiki zilizofuata akaanza kuona petroli ya mizunguko ya mjini inakwisha mapema kidogo. Lakini mwisho wa wiki, akienda Muheza kwa mama yake, hakuona tofauti yoyote. Nilimuuliza tena hilo la Muheza, akasisitiza: "Mjini ndiko yanakopotea, fundi. Njia ya Muheza gari ni lile lile la siku zote." Nikaliandika pembeni.

Fundi wa mtaani kwake alisoma kodi ya hitilafu, yaani namba inayotaja kasoro, kwa mashine ya kuazima, akamwambia sensa ya oksijeni imechafuka. Akaichomoa, akailaza usiku kucha ndani ya kopo la petroli, asubuhi akaisugua ncha kwa brashi ya waya, akairudisha. Taa ikazima. Mwalimu akalipa kwa furaha. Jioni ya siku iliyofuata taa ikarudi. Sasa fundi akasema sensa imekufa kabisa, akaleta ya mtumba kutoka maduka ya spea ya Ngamiani. Soketi ya nyaya zake haikulingana na ya gari, kwa hiyo alikata soketi ya sensa ya zamani akaiunga kwenye nyaya za ile ya mtumba na kuzungushia utepe. Tangu hapo gari likaanza kunuka petroli mbichi, kutoa moshi mweusi likikanyagwa, na kutetemeka likisimama.

Jambo moja lilitusaidia sana. Mwalimu ni mtu wa kutunza vitu, na sensa ya zamani ilikuwa bado ndani ya gari, imeviringishwa kwenye gazeti.

Simsemi vibaya kijana yule. Kosa lake ni kwamba alifanya kazi ya umeme bila kupima umeme, na hilo hakulianzisha yeye. Maltimita ya kawaida ni kifaa cha bei ndogo kuliko sensa yoyote ya mtumba, ila mafundi wetu wengi wa injini wamelelewa kwa sikio, pua na spana. Vitu hivyo vinatosha kwa kazi nyingi. Kwa sensa havitoshi.

Ndani ya chuma kimoja mna vitu viwili

Ukiishika mkononi, sensa ni kipande cha chuma chenye uzi wa kufungia na nyaya nne. Ndani yake mna vitu viwili vyenye kazi tofauti, na kisa chote hiki kinasimama juu ya tofauti hiyo.

Cha kwanza ni kauri ya zirkonia iliyopakwa platinamu. Upande wake mmoja unaguswa na moshi wa ekzosi, upande wa pili na hewa ya kawaida ya nje. Tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo huzalisha umeme mdogo. Moshi ukitokana na mchanganyiko mzito, yaani wenye petroli nyingi, sensa hutoa karibu volti 0.9. Ukitokana na mchanganyiko mwepesi, hutoa karibu 0.1. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, husoma volti hizo na kuongeza au kupunguza petroli muda wote, ili kukaa karibu na uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, uwiano ambao masega, yale yaliyo ndani ya kopo la ekzosi, yanauhitaji ili yasafishe moshi.

Cha pili ni hita. Kauri haizalishi umeme wa kutegemewa mpaka ipate joto la nyuzi 300 za Selsiasi na zaidi. Sensa za kwanza, zile ambazo Bosch ilianza kuzitengeneza mwaka 1976 na kufungwa kwenye magari ya Volvo, hazikuwa na hita. Zilisubiri moshi uzipashe. Mwaka 1982 ikaja sensa yenye hita, na kuanzia hapo sensa huamka muda mfupi baada ya gari kuwashwa. Hita haina ujanja wowote: ni waya wa kupasha moto kama ule wa pasi ya umeme. Ukikatika ndani, pasi unaweza kuiosha kwa chochote unachotaka, haitapata moto tena.

Kwenye sensa za Denso, ambazo ndizo nyingi kwenye Toyota, nyaya mbili nyeusi ni za hita, wa bluu unabeba ishara, na mweupe ni hasi ya ishara hiyo. Kumbuka rangi hizi, kwa sababu mbele kidogo zina kazi.

Kipimo cha kwanza kilichokataana na pua

Mashine ilitoa kodi mbili. P0135 ni hitilafu kwenye mzunguko wa hita ya sensa ya mbele, ile iliyo kabla ya masega. P0171 ni mchanganyiko mwepesi kupita kiasi.

Niseme hapa kwa anayetaka kusoma mwenyewe nyumbani: vile vifaa vidogo vya kuunganisha na simu mara nyingi hukataa kuongea na Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japani. Zipo nyingi, hasa za miaka ile, ambazo zitakupa kodi kwa taa yenyewe. Kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani unaunganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa ya injini inavyopepesa. Ikipepesa mara 2, ikapumzika, ikapepesa mara 1, hiyo ni 21, yaani sensa ya oksijeni ya mbele au mzunguko wake. Ikitoka 25, ni mchanganyiko mwepesi. Hakikisha umehesabu matundu sawasawa kabla ya kuchomeka waya, maana tundu namba 16 lina umeme wa betri moja kwa moja.

Kodi ya pili ndiyo iliyonisimamisha. Gari linanuka petroli. Nilichomoa plagi moja, ilikuwa nyeusi kwa masizi makavu. Na bado kontroboksi inalalamika kwamba petroli ni chache. Mambo hayo hayawezi kuwa kweli yote mawili, na masizi hayawezi kudanganya, kwa hiyo aliyekuwa anadanganya ni mpeleka habari wa kontroboksi. Nikatazama volti za sensa ya mbele injini ikiwa imeshapata moto, nikiishikilia kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Sensa nzima inapaswa kupanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 mara nane au zaidi ndani ya sekunde 10. Hii ilikaa kwenye 0.0 bila kutikisika. Kontroboksi ikiona sifuri inaamini oksijeni imejaa kwenye moshi, inamwaga petroli. Ikiona sifuri tena inamwaga zaidi, hadi inafika ukingo wa marekebisho inayoruhusiwa. Ndipo inapowasha P0171. Masizi yote yale yalikuwa utii wa kontroboksi kwa taarifa ya uongo.

Nilikata ule utepe. Chini yake nyaya zilikuwa zimesokotwa kwa mkono tu, shaba imeshaota ukijani. Hili kwetu si ajabu, kwa sababu upepo wa baharini una chumvi na kiungo chochote kilicho wazi chini ya gari huanza kuliwa mapema. Uzi mmoja wa waya wa bluu ulikuwa umetoboa utepe na kukaa juu ya waya mweupe. Nilipopima kati ya bluu na mweupe upande wa soketi, mita ilionyesha zimegusana moja kwa moja. Ishara yote ya sensa ilikuwa inamezwa hapo kabla haijafika kontroboksi.

Mtu angeweza kuishia hapo: atenganishe nyaya, afunge vizuri, afute kodi, aage. Lakini P0135 bado ilikuwa haijajibiwa.

Namba mbili zinazofanana kupita kiasi

Nikaweka mita kwenye nyaya mbili nyeusi za sensa ya mtumba, sensa ikiwa baridi. Ilisoma omu 2.2 za ukinzani. Hita ya sensa ya kawaida ya Toyota ya aina ya IST hii, ikiwa baridi, huwa kati ya omu 11 na 16. Nikaichomoa nikaifuta shingoni. Kwenye chuma palikuwa na namba inayoanza na 89467. Nikafungua gazeti la Mwalimu, nikasoma ya zamani: 89465.

Tarakimu moja tu imetofautiana, lakini hizo ni familia mbili za vifaa. Toyota huanza na 89465 kwa sensa ya oksijeni ya kawaida, ile inayotoa volti kama nilivyoeleza. 89467 ni sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, iliyofungwa kwenye Toyota nyingi za baadaye. Hii kontroboksi yake huisoma kwa mkondo wa umeme, si kwa volti, na kontroboksi ya IST hii haikujengwa kwa kazi hiyo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Uzi wa kufungia ni ule ule, nyaya ni nne, rangi ni zile zile. Ndiyo maana soketi zao hazifanani: mtengenezaji aliweka kizuizi makusudi ili moja isiingie mahali pa nyingine. Soketi ikikataa kuingia, hilo ni onyo, na fundi anayeikata anaondoa ulinzi pekee uliokuwepo.

Sasa piga hesabu. Volti 12 kwenye hita ya omu 13 ni mkondo usiofika hata ampea 1. Volti hizo hizo kwenye omu 2.2 ni zaidi ya ampea 5. Kwenye Toyota za kizazi hiki kontroboksi huwasha P0135 mkondo wa hita ukishuka chini ya takriban robo ampea, na huiwasha pia ukivuka ampea 2. Kodi ile ile, kwa sababu mbili zinazopingana. Sensa ya kwanza ilitoa P0135, ya mtumba nayo ikatoa P0135, na fundi akaona ni ugonjwa ule ule unaendelea. Kilichonitia wasiwasi zaidi ni kontroboksi yenyewe, kwa sababu ndiyo inayofunga upande wa hasi wa hita. Kuilazimisha kubeba karibu mara sita ya mzigo wake ni njia ya kuiunguza, na kontroboksi ikiungua tunazungumza fedha nyingine kabisa.

Sensa ya zamani kwenye moto

Iliyobaki ni sensa iliyotoka na gari, ile iliyooshwa. Nilipima hita yake kwenye nyaya mbili nyeusi zilizobaki. Mita haikuonyesha njia yoyote. Waya wa hita umekatika ndani.

Hapo Mwalimu, aliyekuwa amekaa pembeni kwenye stuli akifuatilia kila kitu, aliuliza swali ambalo ndilo kiini cha kisa.

"Sasa mwanangu, kama hiyo waya imekatika, kule kuoshwa kulikuwa kwa ajili ya nini?"

Sikutaka kumjibu kwa maneno tu. Fundi mafriji wa jirani ana tochi ndogo ya gesi ya kuunganishia mabomba ya shaba. Niliiazima, nikafunga sensa kwenye jiriwa nje ya banda, mbali na gari na kopo lolote la mafuta, nikaunga mita kwenye bluu na mweupe. (Anayetaka kujaribu asifanye hivi na sensa iliyotoka kwenye petroli leo au jana, na asifanye ndani ya nyumba.) Nikaelekeza moto kwenye ncha. Kwa muda mita ilikaa chini. Ncha ilipoanza kuwa nyekundu ndani ya moto, namba zikapanda hadi volti 0.8. Nikauondoa moto, zikaporomoka papo hapo. Nikaurudisha, zikapanda tena.

Kauri ilikuwa nzima kabisa. Sehemu iliyolazwa kwenye petroli na kusuguliwa kwa brashi ndiyo sehemu isiyoumwa. Sehemu iliyoumwa iko ndani ya chuma, haifikiwi na petroli wala brashi, na hata ingefikiwa, waya uliokatika hauungwi kwa kuoshwa.

Na hapo habari ya Muheza ikapata maana. Sensa yenye hita iliyokatika inafanya kazi, ila mpaka ipashwe na moshi. Katika safari ndefu ekzosi hupata moto mkali na kubaki nao, sensa inaamka, petroli inapimwa sawasawa. Mjini, kutoka Makorora hadi shuleni, kusimama sokoni, kurudi, sensa inatumia sehemu kubwa ya safari ikiwa baridi au ikipoa, na kontroboksi inakadiria petroli bila taarifa. Mwalimu alikuwa ameshautaja ugonjwa kwa usahihi kabla hata mashine haijachomekwa.

Kwa nini taa ilizima

Hili lazima lielezwe vizuri, kwa sababu ndilo linalofanya watu waendelee kuamini kopo la petroli. Wakati wa kuchomoa sensa fundi alitoa waya wa betri, jambo la busara. Lakini kontroboksi ikikosa umeme husahau kodi zote na taa huzima. Kisha, kwa hitilafu ya hita, Toyota hizi haziwashi taa mara ya kwanza zinapoiona. Huiweka akilini, na zikiiona tena katika safari inayofuata ndipo taa inawaka. Kwa hiyo gari lolote lenye hita iliyokatika, ukilitolea betri tu bila kugusa sensa, litakupa siku ya amani. Mwalimu aliilipia siku hiyo.

Je, kuna hali ambayo kusafisha kunasaidia? Watengenezaji wa sensa hizi hawashauri kuzisafisha kwa namna yoyote, na mimi nimeacha kabisa. Masizi makavu, ambayo ndiyo uchafu unaoonekana mara nyingi, huungua yenyewe sensa ikipata joto lake kamili, mradi chanzo chake kimeondolewa. Chanzo kisipoondolewa, utaosha leo na kesho yamerudi. Uchafu unaoua sensa kweli hautoki kwa kuoshwa: oili inayoungua kwa sababu ya ringi au sili za valvu zilizochoka, maji ya rejeta yanayovuja kuingia kwenye silinda, na silikoni. Hii ya mwisho tujitazame sisi mafundi. Silikoni ya kawaida ya kuzibia inayopakwa nyingi kwenye mfuniko wa valvu hutoa mvuke unaofika kwenye ncha ya sensa na kuacha utando mweupe wa kudumu. Ipo silikoni inayoandikwa kwamba haidhuru sensa, na inafaa kuulizia hiyo. Risasi iliyokuwa kwenye petroli, adui mkubwa wa sensa za zamani, imetuondokea. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilimaliza kuiacha mwanzoni mwa mwaka 2006.

Brashi ya waya na msasa huchubua tabaka la kinga lililo juu ya platinamu. Tindikali ya kusafishia vyoo, ambayo nimeona watu wakiitumia, inaongeza hatari kwa mikono na macho bila faida. Watu huchanganya pia sensa hii na sensa ya kupima hewa inayoingia, iliyo karibu na ea klina. Ile husafishwa kweli, kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Dawa hiyo haina kazi kwenye ekzosi.

Kazi yenyewe

Tuliagiza sensa mpya Dar es Salaam, yenye namba ile ile iliyokuwa kwenye sensa ya zamani kuanzia tarakimu ya kwanza hadi ya mwisho, ikaja kwa basi na kupokewa stendi ya Kange. Nikaipima kabla hata ya kuikaribisha kwenye gari: hita omu 13.4. Kupima kitu kipya si kumtilia shaka muuza duka. Sensa za bandia zenye boksi zuri zipo, na ni rahisi kurudisha sensa ambayo haijaguswa na grisi.

Bahati yetu, fundi alikata upande wa sensa, hakukata waya wa gari. Kwa hiyo soketi mpya iliingia kwenye ya gari bila kuunga chochote. Nilichofanya kwanza ni kupima upande wa gari, swichi ikiwa wazi: pini ya hita ilikuwa na volti 12, fyuzi na rilei ziko salama. Pini zilikuwa na vumbi la kijani kidogo, nikalikwangua kwa uangalifu likiwa kavu. Usijaze grisi wala dawa ya kupuliza kwenye soketi ya sensa hii. Hewa safi ambayo kauri inailinganisha na moshi huvutwa kupitia katikati ya nyaya zake, na ukiziba njia hiyo unaipotosha. Kwa sababu hiyo hiyo, ikilazimu kuunga nyaya, tumia viungo vya kubana, usitumie risasi ya kuchomelea.

Kwenye IST sensa ya mbele iko kwenye manifoldi ya ekzosi, upande wa nyuma wa injini unaotazama kioo, chini ya bati la kuzuia joto. Boliti za bati hilo ni za spana namba 10 na kwa magari ya mjini kwetu huwa zimeshikwa na kutu. Ukizilazimisha zinakatika vichwa. Nilizipulizia dawa ya kutu jioni na asubuhi, zikafunguka zote isipokuwa moja, ambayo niliikaza kidogo kwanza ndipo ikakubali kulegea. Sensa yenyewe ni namba 22. Ipo boksi spana yenye mpasuko ubavuni wa kupitishia nyaya, na hiyo ndiyo ya kutumia. Spana ya kawaida inateleza na kula kona. Injini iwashwe dakika chache kisha izimwe, chuma kiwe cha uvuguvugu, kwa sababu manifoldi baridi hushika uzi wa sensa na manifoldi iliyopata moto kamili itakuunguza mkono. Betri itolewe waya wa hasi. Ukilazimika kuingia chini ya gari, jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja, weka stendi.

Sensa mpya ilikuwa na mafuta ya kuzuia kugandana kwenye uzi wake tangu kiwandani. Kama haina, unapaka kiasi kidogo kwenye uzi tu, bila kugusa ncha. Ianze kwa vidole hadi mwisho, ndipo spana, kwa nguvu ya kama Nm 44. Nyaya zisizunguke na kujisokota inapokazwa, na zisilale juu ya ekzosi. Sensa ikidondoka sakafuni kabla ya kufungwa, ihesabu imekufa hata kama haina alama, maana kauri hupasuka ndani.

Nikaunganisha mita kwa mfululizo kwenye waya wa hita, nikawasha gari. Ilionyesha karibu ampea 0.9, kisha ikaanza kushuka hita ilipopata moto. Hapo nilipumua, kwa sababu ilimaanisha kontroboksi ilinusurika na ile mizigo ya ampea tano. Volti za ishara zilianza kuyumba kabla injini haijafika joto lake. Marekebisho ya petroli, yaliyokuwa yamekwama ukingoni, niliyafuta, na baada ya mzunguko hadi Raskazone na kurudi yalikuwa yametulia karibu na sifuri.

Hatukuishia hapo, kwa sababu petroli iliyomwagwa kwa wiki kadhaa haipotei bila kuacha alama. Kijiti cha oili kilinuka petroli: nyingine ilikuwa imeteremka kwenye kuta za silinda na kuichanganya oili, na oili ya namna hiyo hailindi tena vyuma. Tuliimwaga tukaweka mpya pamoja na filta. Plagi nilizisafisha, zilikuwa bado nzima.

Linalobaki ni masega. Petroli isiyoungua ikifika mle huungulia ndani na kuyapasha kupita kiasi, na mengine huyeyuka. Nimegonga kopo lake, halilii kitu kilichovunjika ndani, na gari halijakosa pumzi kwenye mwendo mkubwa. Sensa ya nyuma, iliyo baada ya masega, inakaa juu bila kuyumba pamoja na ya mbele, jambo linaloonyesha masega bado yanafanya kazi. Nimemwomba Mwalimu alirudishe nilitazame tena baada ya safari zake kadhaa za Muheza. Sensa ya mtumba ameirudisha Ngamiani, muuzaji ameipokea na kumpa nusu ya fedha yake, na ya zamani ameniachia mimi pamoja na gazeti lake, ili fundi atakayekuja kubisha juu ya petroli apime hita mwenyewe.